Firigisi za Mavumbini

Nchi yenyewe si hii. Nalisema mapema tusije tukagombana, maana wapo wasomaji wenye tabia mbaya ya kusoma habari za mbali huku wakichungulia dirishani. Nchi ninayoisimulia inaitwa Kayamoja, iko mbali sana, na watu wake wana furaha kupita kiasi. Wana furaha hata wakiwa usingizini, kwa sababu serikali yao imeagiza hivyo.

Mambo ya Kayamoja yalianzia jikoni. Kila mmoja wetu analijua hili: kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Watoto watapigania shingo na miguu, mgeni atapewa paja, lakini firigisi hukaa ukingoni mwa sahani ikimsubiri baba. Wapo wake waliorudishwa kwao kwa kuila firigisi wakisingizia kuonja chumvi, na wazee hawakuuliza mara mbili. Sasa, rais wa kwanza wa Kayamoja alipoingia madarakani alitangazwa kuwa Baba wa Kaya Zote. Wanasheria wake wakakaa, wakakuna vichwa, wakaona jambo limenyooka kabisa: kama nchi nzima ni kaya moja, na kaya ina baba mmoja, basi kila firigisi ya kila kuku nchini ina mwenyewe, na mwenyewe yuko Ikulu.

Ikawa sheria. Ukichinja kuku Kayamoja, firigisi yake unaifunga kwenye jani la mgomba na kuipeleka kwa mjumbe. Mjumbe anaipeleka kata, kata inaipeleka wilayani, wilaya inaipeleka Ikulu. Safari hiyo ingekuwa fupi kama si hotuba. Kila mahali firigisi zilipofika zilipokewa kwa heshima: ngoma, kwaya ya akina mama, risala ya vijana, kisha neno fupi la mgeni rasmi, ambalo kwa kawaida lilimaliza mchana. Wageni rasmi walikaa kivulini chini ya turubai. Firigisi zilikaa juani ili wananchi wazione. Barafu ilikuwepo, serikali haikuwa bahili. Ilitiwa kwenye vinywaji vya waheshimiwa.

Kwa hiyo firigisi za wilaya za karibu zilifika Ikulu zikiwa zimechoka, na za mbali zilifika zikiwa na mambo yake.

Hapo ndipo anapoingia Kondo Mbwana, mwenye cheo cha Mnusaji Mkuu wa Jamhuri. Kazi yake ilikuwa kufunua kila kapu lililofika, kuangalia, kubonyeza kwa kidole, kunusa, kisha kutamka mbele ya mashahidi ama "Salama" ama "Zimeharibika". Kuonja alikatazwa. Anayeonja firigisi amejifanya baba, na adhabu ya kujifanya baba ilikuwa kitanzi.

Msidhani Kondo alikuwa bingwa wa pua. Alinusa kama mimi na wewe tunavyonusa. Nyama ya kuku ikiwa nzima kila mtu anaijua: ukiibonyeza inarudi, rangi yake iko hai, na harufu yake ni maji na damu kidogo. Ikiharibika inakuwa na utelezi, inageuka kijivu, halafu kijani, na harufu yake haihitaji mtu aliyesoma. Siku ya usaili aliulizwa swali moja tu, mapenzi ya wananchi yananukaje. Akajibu, "Kama nyumbani." Wakapiga makofi, wakampa kazi na nyumba yenye bati jipya.

Tangu siku hiyo, kila kapu alilofunua alilitamkia "Salama". Makapu yaliyofika na nzi wake yalikuwa salama. Kapu moja lilifika likicheza lenyewe mezani, nalo likawa salama. Hakuna aliyedhurika, kwa kuwa hakuna aliyekula. Firigisi zikishatamkwa salama zilizikwa kwa gwaride nyuma ya Ikulu, mahali ambapo hata kunguru walipakwepa.

Mnusaji aliyemtangulia, mtu mmoja mnyoofu aliyeitwa Mshangama, aliwahi kusema "Zimeharibika". Kapu lilikuwa la wilaya ya Ng'ambo-mto. Baraza la Mawaziri likakutana, likachambua. Firigisi ni mapenzi ya wananchi. Mapenzi hayaozi, kama ilivyoandikwa kwenye kuta za ofisi zote na juu ya lango la kila shule. Basi kilichooza ni wananchi wenyewe. Jeshi likapelekwa Ng'ambo-mto kuwafundisha mapenzi. Liling'oa milango ya nyumba zote, kwa hoja kwamba mwenye mapenzi hana cha kufungia, likawapakia wanaume kwenye malori na kuwapeleka chuoni. Kondo aliwahi kumwona mmoja aliyerudi kutoka chuo hicho. Alikuwa amekaa kituo cha basi, na kila mtu alipokohoa, yeye alipiga makofi. Mshangama hakuonekana tena, na watu walijitahidi sana wasimkumbuke.

Kondo alikuwa mwoga. Simtukani, Kayamoja uoga ndio uliokuwa akili, na Kondo alikuwa na akili nyingi. Alikuwa hana mke wala mtoto. Alikuwa na mama yake tu, Bi Mwatumu, mfuga kuku wa wilaya ya Mavumbini, ile wilaya ya mwisho kabisa, ambayo ukiipita unaingia nchi ya watu.

*

Kila mwaka ilikuja Siku ya Baba. Siku hiyo Mtukufu Rais hakuzika firigisi, alikula. Kura ilipigwa kuchagua wilaya moja, kapu lake likaletwa uwanjani, na Mtukufu akachoma firigisi kwa mkono wake mbele ya taifa zima, akala kwa chumvi kama walivyokula baba zetu. Zililetwa mbichi hadi jukwaani, maana zamani mpishi mmoja alishukiwa kuzibadilisha. Tangu hapo kapu la Siku ya Baba, likishanuswa, lilifungwa kwa muhuri wa lakiri na mkuu wa majeshi, Jenerali Matandiko.

Huyu Jenerali alikuwa mtu mrefu asiyecheka. Alizishika sheria neno kwa neno, bila kuuliza zilikusudia nini, na hiyo ndiyo sababu aliogopwa kuliko walevi wote wa jeshini. Rais wa kwanza, yule wa mwanzo kabisa, aliposogeza sahani kando Siku ya Baba kwa sababu daktari wake alimkataza nyama, Jenerali alisimama akasema kwamba baba aliyeikataa firigisi ya nyumba yake ameikataa nyumba. Kabla jua halijazama nchi ilikuwa na Mtukufu mwingine, ndiye huyu wa sasa. Yule wa kwanza alisemekana anapumzika.

Mwaka huo redio ikatangaza kura imeiangukia Mavumbini.

Kondo alikuwa anakunywa chai. Aliirudisha kikombeni ile iliyokuwa mdomoni, akakaa akiitazama redio. Wilaya za karibu alikuwa tayari kuzibebea dhambi. Lakini kapu la Mavumbini lilivuka kata zote na wilaya zote, na kila mkuu wa wilaya aliyelipitisha alikuwa na lake la kusema kwa taifa. Kwaya zilikuwa zimetunga nyimbo mpya. Kondo akahesabu zile hotuba kichwani, akaacha alipofika katikati.

Kapu lilifika asubuhi ya sherehe. Lilitanguliwa na harufu. Walinzi wa lango walisimama wima, machozi yakiwatiririka, na mpita njia mmoja aliuliza kama kuna msiba Ikulu.

Katika chumba cha kunusia Kondo alimkuta Waziri wa Mapenzi ya Wananchi, Dakta Mwakipepe, amejibana dirishani na leso puani. Askari wawili walikuwa wanalinda kapu, nyuso zao zimekauka.

"Mheshimiwa, unaumwa?" Kondo akauliza.

"Mafua," akasema Waziri. "Baraza zima lina mafua leo. Yametushika ghafla."

Kondo akafunua. Alikuwa ameona mengi kazini, lakini hayo ya leo yalimrudisha hatua nyuma. Zilikuwa za kijani. Zilikuwa zimeshikana kwa utelezi, na alipoibonyeza moja, kidole kiliingia na shimo likabaki hapo hapo. Harufu ilimpanda puani ikashuka hadi tumboni. Asubuhi hiyo hakuwa amekula, na alimshukuru Mungu kwa hilo. Machozi yakamtoka. Waziri akayaona, akatikisa kichwa kwa kuguswa na uzalendo.

"Ndugu Kondo, unaonaje?"

"Mheshimiwa mwenyewe unaonaje?"

"Mimi sioni kitu. Nina mafua."

Kondo akasogea, akashusha sauti. "Mheshimiwa, jikoni kuna kuku waliochinjwa alfajiri. Firigisi zao zipo. Tungeziweka hizo humu..."

"Unataka Baba alishwe mapenzi ya kuku wa jikoni," Waziri akasema kwa sauti ya kutosha chumba kizima, "na hawa askari wamesikia?"

Askari wakatazama dari.

"Wamesikia vibaya," Kondo akasema.

"Kwa sasa," akasema Waziri, "wamesikia vibaya."

"Basi hata tangawizi, mheshimiwa. Ndimu. Siki kidogo."

"Baba anakula kwa chumvi tu. Unamjua Jenerali." Waziri akaondoa leso ili aseme vizuri, akajuta, akairudisha. "Sikiliza, ndugu yangu. Ukisema salama, Baba akaugua, wewe unanyongwa. Ukisema zimeharibika, malori ya jeshi yameshatiwa mafuta, yanasubiri tu kuambiwa barabara. Hakuna anayekulazimisha. Nchi yetu ni huru, sema unaloliona."

Kondo akauwaza mlango wa mama yake. Ulikuwa mlango wa mbao za makasha, umelegea, na ili ufungike ilibidi uuinue kidogo kwa goti. Alimwona mama yake akiuinua kila jioni, akiwa ameshawahesabu kuku wake. Akaona na askari wakiung'oa. Akashikilia meza.

"Nipe nafasi ninuse tena," akasema.

Akainama juu ya kapu lile, akanusa, akameza matapishi yake, akanusa tena. Alinusa mpaka askari mmoja alipoomba ruhusa ya kwenda kufa nje.

*

Akiwa bado ananusa akaitwa na Mtukufu.

Alimkuta chumba cha kuvalia, amevaa suruali ya sherehe na fulana, koti lenye nishani limetundikwa kitini likilemewa na uzito wake. Mtukufu akawafukuza waliokuwa wanamvalisha, akasukuma mlango ukafunga, akasikiliza nyuma yake kidogo, kisha akaketi.

"Harufu imenifikia huku juu," akasema. "Ni kapu lile?"

"Ni mapenzi ya wananchi, Mtukufu."

"Usinifanyie hivyo. Niambie kama unavyomwambia mtu."

Kondo hakujua kama huo ulikuwa mtego. Maisha yake yote Ikulu hakuwahi kuombwa hivyo. Kichwa chake kilijitikisa chenyewe kwamba ndiyo, ni hilo kapu, na ndiyo, ni vibaya.

"Nilijua," Mtukufu akasema, akajishika tumbo. "Mimi tumbo langu bovu tangu ujana. Maziwa yaliyolala tu hunilaza kitandani. Kondo, panda jukwaani useme zimeharibika."

"Mtukufu, Mavumbini kuna mama yangu."

"Kila mahali kuna mama wa mtu," Mtukufu akasema, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. "Ndiyo maana nchi hii ni ngumu kutawala."

Kondo akapiga magoti. Uoga ulikuwa umemfikisha mahali ambapo mtu huanza kuthubutu. "Mtukufu unaweza kusema mwenyewe. Neno lako moja tu, kwamba mapenzi nayo huoza, ni jua tu, ni hotuba. Watu watakuombea dua."

"Nani, mimi?" Mtukufu akautazama mlango. "Lile neno 'Mapenzi hayaozi' nililitunga mimi, nilipokuwa waziri. Nilipewa nishani, ile pale ya kushoto. Halafu nisimame niseme yameoza, na Matandiko amekaa nyuma yangu? Unakumbuka mwenzangu alivyosogeza sahani?"

"Anapumzika."

"Anapumzika wapi, Kondo? Mimi ndiye rais wa nchi hii na sijui anapumzika wapi."

Kwa muda mfupi walikuwa watu wawili waliokaa nje ya wodi wakimsubiri daktari atoke. Halafu tarumbeta zikalia uwanjani, Mtukufu akakumbuka yeye ni nani, akasimama kuvaa koti.

"Nikiugua, utanyongwa kabla sijapona," akasema.

"Ndiyo, Mtukufu."

"Na nikifa, itabidi wakutafutie kitu kingine."

*

Uwanja ulijaa. Watu wa Kayamoja hawakulazimishwa kuhudhuria, walihesabiwa tu. Wimbi la harufu lilipolivuka jukwaa na kushuka kwa wananchi, kina mama wakapiga vigelegele kwa haraka sana, kila mmoja akihofia kuwa wa mwisho. Waliokaa karibu walikuwa wanalia. Mtangazaji wa redio akasema kwamba hajawahi kuona taifa likimpenda kiongozi wake hadi machozi.

Jenerali Matandiko akavunja lakiri mwenyewe. Pua yake haikutikisika. Akarudi nyuma akasimama, mikono mgongoni.

Ikawa zamu ya Kondo. Akatembea hadi kwenye kipaza sauti, akaona mbele yake uwanja mzima, nyuma yake Mtukufu amekunja uso, na pembeni mwa uwanja, yakiwa yamepangwa vizuri kwenye kivuli cha ukuta, malori ya jeshi. Injini zilikuwa zinanguruma taratibu. Kondo akatafuta mate hakuyapata. Aliogopa kitanzi. Alikiogopa kwa shingo yake yote. Lakini alipofumbua kinywa, alikuwa anauona ule mlango.

"Salama," akasema.

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Injini za malori zikazimwa moja baada ya nyingine, na Kondo akausikia ukimya wa injini ndani ya kelele zote.

Mtukufu akasogea kwenye jiko la mkaa. Akachoma firigisi kwenye kijiti, na moshi wake ukawafanya mabalozi wa nchi za nje wakumbuke miadi. Akakiinua kijiti hadi karibu na mdomo, akafumba macho, akafumbua. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso likadondokea nishani. Nyuma yake Jenerali alikuwa ameanza kutazama saa.

Hapo akili ya mwoga ikafanya kazi yake. Mtukufu akakigeukia kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," akanguruma. "Baba mwema hali peke yake. Leo, kwa mapenzi yangu makubwa yasiyo na mfano, Baba anamlisha mtumishi wake."

Akamvuta Kondo kwa ukosi wa shati, akamshindilia ile firigisi kinywani.

Kondo aliihisi ikimtelezea ulimini. Mwili wake wote ulitaka kuitema. Akageuza macho akayaona malori. Kuitema mbele ya taifa kungekuwa kutamka zimeharibika. Akaitafuna. Akaimeza, machozi yakimtoka, na alipomaliza akatabasamu, kwa kuwa kamera zilikuwa zinamtazama.

Mtukufu akapumua. Rangi ikamrudi usoni, hata akacheka kidogo, akawapungia watu mkono. Hakuna aliyempungia. Kimya kilikuwa kimetanda, na katika kimya hicho viatu vya Jenerali Matandiko vilisikika vikija.

"Firigisi ni ya mwenye nyumba," Jenerali akasema. Sauti yake haikuwa na hasira yoyote. "Aliyekula firigisi ndiye mwenye nyumba. Aliyeitoa ameitoa nyumba."

"Matandiko, nilikuwa namlisha tu. Ni ukarimu. Ni kama mzaha vile."

"Mtukufu mstaafu," akasema Jenerali, "tafadhali pita huku ukapumzike."

Kisha akamgeukia Kondo, akapiga saluti. Bendi ya taifa iliogopa kimya kuliko kitu kingine chochote, ikaupiga wimbo wa taifa. Na wananchi, ambao hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa mwisho, wakapiga vigelegele.

*

Tumbo lilianza mchana uleule.

Walimlaza kwenye kitanda ambacho mashuka yake yalikuwa bado na joto la mwenzake aliyemtangulia. Maumivu yalikuja kwa mawimbi, yakimkunja, yakimwachia, yakimrudia. Daktari wa Ikulu alifika mbio. Akamshika mkono, akamtazama macho, akamtazama Jenerali aliyesimama mlangoni, na mkono wake mwenyewe ukaanza kutoa jasho.

"Dokta, nimekula kitu kibovu," Kondo akasema. "Nipe dawa."

Daktari akamwachia mkono. "Mtukufu, haya ni maumivu ya furaha. Huwapata viongozi wengi siku za mwanzo."

"Nipe dawa ya kuhara."

"Dawa ya kuhara hupewa mtu aliyekula kilichoharibika, Mtukufu. Sasa nikikupa, nitakuwa nimesema nini?" Alikuwa karibu kulia. "Nina watoto."

Alipotoka, Jenerali alikuja akasimama kando ya kitanda. Kondo akakusanya nguvu alizobakiwa nazo. Alikuwa amelifikiria jambo moja tangu jukwaani, na lilikuwa ndilo lililomfanya avumilie.

"Jenerali. Mimi ndiye Baba sasa?"

"Ndiye."

"Basi naifuta hiyo sheria ya firigisi. Kila mtu ale kuku wake nyumbani kwake."

Jenerali akalitafakari jambo hilo kwa uadilifu. "Unaifuta kwa mamlaka gani?"

"Ya urais."

"Urais umeupata kwa firigisi. Sheria ikifutika, firigisi ni kipande cha nyama. Na wewe ni mtu aliyepanda jukwaani akala chakula cha Mtukufu." Akalivuta shuka, akamfunika vizuri. "Kadhalika, zikiwa zilioza, hayakuwa mapenzi. Yakiwa si mapenzi, wewe si Baba. Kwa mtu wa namna hiyo adhabu ipo, unaijua. Na kwa wilaya iliyozileta ipo pia. Mimi ninakuuliza tu, Mtukufu, ili niwe na uhakika. Zilikuwaje?"

Wimbi jingine likamkunja Kondo. Alisubiri lipite.

"Tamu," akasema.

Aliokolewa na mpishi, ambaye alimletea maji yenye chumvi na sukari kwa jina la Kinywaji cha Ushindi. Aliyanywa kutwa kucha. Alipoweza kuketi, mashavu yalikuwa yameingia ndani na macho yametoka nje, na magazeti yakaandika kwamba Baba mpya ana sura ya mtu anayefunga kwa ajili ya taifa.

*

Lilikuwa wazo la Waziri Mwakipepe, aliyepona mafua, kumleta Bi Mwatumu Ikulu. Taifa lipate kumwona mama aliyemzaa Baba. Wapiga picha wakaitwa, sebule kuu ikapambwa, Kondo akakalishwa kwenye kiti chenye mgongo mrefu, na Jenerali akasimama kulia kwake.

Bi Mwatumu aliingia akiwa na kanga mpya za Wizara na kandambili zake za siku zote. Alikuwa mfupi kuliko Kondo alivyomkumbuka. Moyo ulimruka. Alikuwa mzima, na mlango wake bila shaka ulikuwa bado unafungwa kwa goti. Yote yale yaliyompata hayakuwa bure. Akafumbua kinywa kumwamkia, lakini mama yake alikuwa ameshaanza kusema tangu mlangoni.

"Kondo, mwanangu, ndiyo umekonda hivi? Walituambia umekula zile firigisi, nikawaambia uongo, mwanangu ana akili zake. Zile si zilikaa pale wilayani mpaka Mkuu wa Wilaya alipochoka kuhutubia? Wadudu walikuwa wanadondoka kutoka kapuni, baba, nimewaona kwa macho yangu. Sisi wanawake wote tulisema, jamani, hiki si kitu cha kumlisha mtu. Tukaambiwa tuimbe."

Wapiga picha wakashusha kamera. Leso ya Waziri ikapanda puani.

"Wanawake wote," Jenerali Matandiko akasema taratibu. "Mama anasema ni wanawake wote wa Mavumbini." Akamgeukia Kondo, akainama kidogo kwa heshima. "Mtukufu amesikiaje?"

Kondo aliogopa Siku ya Baba, aliogopa kapu, aliogopa kitanzi. Sasa akagundua kwamba hizo zote zilikuwa hofu za mtu mmoja, na hii ilikuwa ya wilaya nzima. Mama yake alikuwa amesimama katikati ya zulia, ameshika ncha ya kanga, anamtazama kwa wasiwasi wa mzazi anayeona mtoto hajala vizuri.

"Mama amezeeka," akasema. Sauti ilimtoka kavu, na ilikuwa sauti nzuri, ya kiserikali. "Macho yake hayaoni sawasawa. Firigisi zilikuwa tamu."

"Macho yangu?" Bi Mwatumu akacheka. "Kondo, mimi mpaka leo natunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Au umesahau nani..."

Akanyamaza. Alimtazama mwanawe, na Kondo alijitahidi kumwambia kwa macho kila kitu, kuhusu malori, kuhusu jukwaa, kuhusu alichokimeza kwa ajili yake. Lakini alikuwa ameyazoeza macho hayo miaka mingi yasiseme chochote, na hayakusema. Bi Mwatumu akamtazama Jenerali. Akaitazama milango na askari waliosimama kila mlango. Halafu akamrudia mwanawe, na uso wake ukabadilika. Kondo angeshukuru kama ungekuwa hasira. Aliitambua ile sura; alikuwa ameiona kwa walinzi, kwa daktari, kwa kina mama wa vigelegele, na hakuwahi kuiona kwa mama yake.

Akakunja magoti, polepole, kwa kuwa magoti yake yalikuwa mabovu. Akashusha macho chini kwenye zulia.

"Shikamoo," mama yake akamwambia.

Kondo alitaka kuinuka. Alitaka kumshika mikono amwinue, amwambie mama usinifanyie hivyo, mimi ni Kondo. Lakini Jenerali alikuwa anamtazama mdomoni, akisubiri kusikia Baba ataitikiaje.

"Marahaba," akaitikia.